Thiknesa Haivuti Mbao? Angalia Inaposimama Kabla Hujagusa Springi

Malalamiko kuhusu thiknesa, mashine ya kuranda mbao hadi zifikie unene mmoja, ni yale yale. Mbao inaingia, inafika katikati, inasimama. Fundi anaisukuma kwa tumbo, mashine inalia, mbao inatoka na doa jeusi. Anauliza jirani, naye anamwambia: "Kaza springi." Anakaza. Siku mbili inavuta vizuri, siku ya tatu inagoma tena, na safari hii kuna alama za meno ya rola juu ya mbao ambazo hata msasa hauziondoi.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliokaza springi, zile zinazogandamiza rola za kuvutia mbao. Nilipoteza siku mbili na mbao tatu za mninga, kumbe tatizo lilikuwa visu nilivyovinoa mwenyewe. Kwa hiyo katika mwongozo huu springi zimewekwa hatua ya nane, na ukifuata mpangilio huenda usizifikie kabisa.

Maelezo yanahusu thiknesa za aina mbili. Ya kwanza ni ile kubwa ya chuma cha kusubu: rola ya kuingizia ina meno, ya kutolea ni laini, na meza ndiyo inayopanda na kushuka. Ya pili ni ile ndogo ya kubeba, yenye rola mbili za mpira, ambayo kichwa chake (sehemu yenye visu na rola) ndicho kinachopanda na kushuka. Palipo na tofauti nitasema.

## Vitu vya kuandaa

- Spana, seti ya elenki na bisibisi
- Tochi na futi
- Venia, au chochote kinachopima unene kwa usahihi wa milimita 0.1
- Fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo). Kama huna, chukua karatasi za A4 za kawaida za gramu 80: moja ina unene wa karibu milimita 0.1, tano zinakupa nusu milimita
- Rula ya chuma iliyonyooka, ya sentimita 30 au zaidi
- Kipande cha mbao ngumu kilichonyooka pande zote, chenye urefu wa kama sentimita 15
- Brashi ya waya ya shaba, matambara safi, mafuta ya taa, sabuni, spiriti na msasa namba 150
- Nta ya fanicha au ya sakafu isiyo na silikoni. Mshumaa mweupe nao unafaa
- Mbao ya majaribio: urefu mita 1 au 2, upana kama sentimita 15, kavu, unene sawa kila mahali

Mbao ya majaribio usiidharau. Ukijaribu kwa mbao iliyopinda hutajua kama kosa ni la mashine au la mbao.

## Kabla ya kufungua chochote

Chomoa plagi. Kama mashine ni ya fezi tatu, zima swichi kubwa ya ukutani na uifunge kwa kufuli, au mwachie mtu unayemwamini ailinde. Subiri shafti ya visu isimame kabisa. Huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa, na sauti yake ikishapungua wengi hudhani imekwisha. Kisha ikabe kwa kabari ya mbao laini kabla ya kuweka mkono karibu.

Wakati wa majaribio simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa mbao. Usiiname kuchungulia ndani wakati inazunguka, kwa sababu fundo likipasuka vipande vyake hurushwa kwa usawa wa macho. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia.

Mbao ikikwama, zima, subiri shafti isimame, shusha meza (au pandisha kichwa), ndipo uitoe. Kuivuta kwa nguvu huku visu vinazunguka ni kujitafutia pigo la kifua.

Angalia pia zile kucha za usalama zinazoning'inia mbele, zinazozuia mbao isirudi nyuma. Zisukume moja moja kwa bisibisi. Kila moja lazima irudi yenyewe. Iliyogandishwa na utomvu husugua mbao na kuipunguzia mwendo.

## Hatua ya 1: Pima mbao, usipime mashine

Pima unene wa mbao mwanzoni, katikati na mwishoni. Mbao za paina zinazoshuka kutoka Mafinga, Iringa, mara nyingi hutofautiana milimita 3 hadi 4 kwenye ubao mmoja. Ukiweka kipimo kwa kutazama ncha nyembamba, mashine itaanza kwa kula milimita 1 na kufika mahali inatakiwa kula 5. Pale itasimama, na ina haki ya kusimama.

Weka kipimo kwa sehemu nene kuliko zote. Kula milimita 1 hadi 1.5 kwa mkupuo kwa mbao pana, na punguza zaidi kwa mbao ngumu kama mkongo. Mashine ndogo usiilazimishe kupita hapo.

Urefu nao una mpaka. Mbao lazima iwe ndefu kuliko nafasi kati ya rola mbili, angalau kwa sentimita 5 zaidi. Fupi kuliko hapo itaachwa na rola ya kwanza kabla haijashikwa na ya pili, ibaki chini ya visu haina mwenyewe. Hilo ni jambo la hatari.

Mbichi je? Mbao yenye maji hushikamana na meza na maranda yake huziba njia. Iache ikauke.

Ukifaulu: mbao ya majaribio ikipita vizuri kwa milimita 1, mashine yako ni nzima. Rekebisha namna ya kulisha na uishie hapa.

## Hatua ya 2: Soma mbao iliyokwama

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Mbao iliyokwama imeandika yenyewe kilichoikwamisha.

Iache ikwame, zima mara moja, na itoe kama nilivyoeleza. Igeuze mwangani. Mahali visu vilipoendelea kuzunguka mbao ikiwa imesimama utaona kibonde chembamba kinachokatiza upana, wakati mwingine chenye weusi wa kuungua. Pima kwa futi kutoka ncha ya mbele ya mbao hadi kwenye kibonde hicho. Halafu, umeme ukiwa umekatwa, pima ndani ya mashine umbali kutoka chini ya visu hadi kila kitu kilicho nyuma yake.

- Hakuna kibonde, mbao haikufika kwenye visu. Tatizo liko upande wa kuingizia: rola ya kwanza chafu au iko juu mno, au haizunguki.
- Kibonde kiko karibu sana na ncha, kwa umbali unaolingana na baa ya kugandamiza iliyo nyuma ya visu. Mbao imegonga baa hiyo. Nenda hatua ya 6.
- Umbali unalingana na rola ya kutolea. Mbao imeshindwa kupita chini ya rola hiyo. Rola imeshuka mno au imeganda.
- Imekwama mkiani, baada ya rola ya kwanza kuiachia. Rola ya kutolea haina nguvu: chafu, imeng'aa, au haizunguki.
- Inakwama popote, leo hapa kesho pale, na ukiisukuma kidogo inaenda. Meza ina msuguano au visu ni butu. Kundi hili ndilo kubwa kuliko yote.
- Inakwenda upande. Rola haiko sambamba na meza, au upande mmoja una mgandamizo zaidi.

Sasa tazama alama za rola yenyewe. Ukiona mkwaruzo mrefu au sehemu iliyosagwa, rola ilikuwa inazunguka ikiteleza juu ya mbao. Ukiona alama safi za meno bila mkwaruzo, rola ilisimama pamoja na mbao, na kosa liko kwenye cheni, mkanda au giaboksi. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7. Kwa rola za mpira alama hazionekani vizuri, basi chora mstari wa chaki kwenye rola, egesha simu pembeni irekodi video wakati wa jaribio, kisha uitazame ukiwa umekaa.

## Hatua ya 3: Meza

Mwaga mafuta ya taa kidogo kwenye tambara, sugua meza nzima hadi tambara litoke safi. Utomvu wa paina hujenga ngozi nyembamba isiyoonekana. Pitisha kucha ya kidole utaihisi. Kutu ondoa kwa msasa laini, ukisugua kwa kufuata uelekeo wa mbao.

Meza ikikauka kabisa, paka nta, iache ikauke, kisha futa kwa nguvu mpaka iteleze. Kama una mshumaa tu, uchore mistari mezani na usugue kwa tambara.

Usitumie oili wala grisi. Hutia madoa kwenye mbao, na vumbi likichanganyika nayo huwa gundi. Nta yenye silikoni nayo iache: huingia kwenye mbao na siku ya kupiga vanishi utaona vishimo vidogo vidogo kila mahali.

Kama meza ina rola ndogo mbili ndani yake, zizungushe kwa mkono. Lazima zizunguke bila kukwama. Weka rula juu ya zote mbili na upime nafasi iliyobaki kati ya rula na meza: karatasi moja, yaani milimita 0.1, inatosha kwa mbao iliyokwisha kurandwa. Kwa mbao ghafi za msumeno unaweza kuzipandisha hadi milimita 0.4. Juu zaidi ya hapo ncha za mbao zitaliwa kupita kiasi.

Ukifaulu: sukuma mbao ya majaribio mezani kwa kidole kimoja, mashine ikiwa imezimwa na visu viko mbali. Iteleze bila kusita.

## Hatua ya 4: Rola

Rola yenye meno: brashi ya waya ya shaba na mafuta ya taa, ukifuata mifereji ya meno. Maranda yaliyojaa humo huifanya rola yenye meno iwe kibogoyo.

Rola ya mpira ni habari nyingine. Usiipake mafuta ya taa, petroli wala thina. Mpira huvimba, hulainika, kisha hubanduka. Tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni, futa, kausha. Kama bado inang'aa, futa kwa tambara lenye spiriti kidogo, halafu msasa namba 150 kwa mkono mwepesi, ukiizungusha kidogo kidogo ili usiache bapa. Mpira uliopasuka au kubanduka hausafishiki, unabadilishwa.

Ukifaulu: mpira unakuwa na rangi iliyofifia na unashika kidole ukiugusa.

## Hatua ya 5: Visu

Kisu butu hakikati, kinapiga. Kila pigo huirudisha mbao nyuma na kuinyanyua kutoka mezani, na rola inalazimika kushindana na nguvu hiyo. Ndiyo maana mashine yenye visu butu huonekana kana kwamba ina rola mbovu.

Mulika ncha ya kisu kwa tochi. Ncha kali haionekani. Ncha butu hurudisha mwanga kama uzi mweupe. Dalili nyingine ni maranda: yakitoka kama unga badala ya vipande vilivyojikunja, na sauti ikawa nzito, visu vimekwisha.

Mtiki humaliza visu haraka kwa sababu una silika ndani yake. Mvule una mawe: vipande vya chokaa vilivyojificha ndani ya mbao, ambavyo hupiga pengo kwenye kisu mara moja.

Ukirudisha visu, vyote viwe na kimo kimoja. Kimoja kikizidi, hicho ndicho kitakachofanya kazi ya wote, na mbao itakwenda kwa kushtuka shtuka. Kaza boliti zote mara mbili kabla ya kuwasha. Kisu kinachochomoka hakikupi nafasi ya pili.

## Hatua ya 6: Vimo vya ndani

Sehemu hii ni ya mashine kubwa. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali ninalosikia kuliko yote: "Ilikuwa inavuta vizuri, nimenoa visu tu, sasa imegoma. Kwa nini?"

Kwa sababu vitu vyote chini ya kichwa hupimwa kutoka kwenye visu. Mbao ikishapita chini ya visu, uso wake uko kwenye kimo kile kile ambacho ncha za visu hufikia. Baa ya kugandamiza iliyo nyuma yake inatakiwa iwe kwenye kimo hicho hicho, isishuke. Sasa umenoa, kisu kimepungua, umekirudisha kikiwa kimejitokeza pungufu kwa nusu milimita. Baa haikusogea, lakini kwa mbao imeshuka nusu milimita. Mbao inatoka kwenye visu, inagonga ukuta. Hapo hata ukikaza springi hadi zikatike haitapita.

Fanya hivi, umeme umekatwa:

1. Shusha rola ndogo za mezani chini ya usawa wa meza, zisikunyanyulie kipande chako cha mbao.
2. Weka kipande cha mbao ngumu mezani chini ya visu. Zungusha shafti kwa kushika puli ya mkanda, si kwa kushika visu, hadi ncha ya kisu kimoja iwe chini kabisa.
3. Pandisha meza taratibu hadi kisu kikwaruze mbao kwa kugusa tu. Funga meza. Hiki ndicho kimo cha sifuri.
4. Bila kugusa meza, hamishia kipande chini ya baa ya kugandamiza. Kinapaswa kupita kikiigusa kidogo. Kikigoma kuingia, baa iko chini: ipandishe kwa skrubu zake, kushoto na kulia sawasawa.
5. Sasa rudisha kipande chini ya kisu, shusha meza, weka karatasi tano au fila geji ya milimita 0.5 juu ya kipande, kisha pandisha hadi kisu kiguse karatasi. Funga meza tena.
6. Ondoa karatasi. Hamishia kipande chini ya rola ya kuingizia. Rola inapaswa kugusa tu uso wa kipande, kwa maana iko nusu milimita chini ya visu. Pima kushoto, pima kulia. Fanya hivyo hivyo kwa rola ya kutolea.
7. Rudisha rola za mezani kwenye kimo chake.

Nusu milimita ni kipimo cha kuanzia kinachofaa mashine nyingi. Kama una kijitabu cha mashine yako, fuata namba zake.

Ukiwa na shaka kuhusu baa, ikosee kwa kuipandisha, siyo kuishusha. Ikiwa juu kidogo, mkia wa mbao utatikisika na kuliwa kidogo. Ikiwa chini, mbao haipiti kabisa. Baadaye unaweza kuishusha kidogo kidogo, ukizima mashine kila mara, hadi mtikisiko uishe.

Ukifaulu: mbao inatoka upande wa pili bila kusita pale ilipokuwa inaachia kibonde.

## Hatua ya 7: Kinachozungusha rola

Fungua kifuniko cha pembeni. Bonyeza cheni katikati kwa kidole: ikicheza kama milimita 6 hadi 10 ni sawa, ikining'inia kaza. Tazama meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni. Yakiwa yamechongoka kama ya papa, badilisha sproketi pamoja na cheni. Shika sproketi ujaribu kuizungusha huku shafti ya rola imetulia. Ikicheza, kii (kipande cha chuma kinachoifunga kwenye shafti) imekatika au skrubu ya kukazia imelegea. Ni kazi ya dakika tano ambayo watu huiita "giaboksi imekufa".

Cheni ipake oili nyepesi kisha ifute. Grisi hukusanya vumbi hadi cheni inakuwa ngumu kama fimbo. Na kabla ya kulaumu giaboksi, hakikisha mkono wa kubadilisha mwendo haujakaa katikati ya gia mbili. Usicheke, hutokea.

Kama mota inapungua sauti kabla mbao haijasimama, tazama umeme. Waya mrefu mwembamba wa eksitensheni hula volti. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba badala ya 1.5, na uwe mfupi.

Fezi tatu zina mtego wake. Nyaya zikiunganishwa upya baada ya matengenezo ya laini, fezi mbili zinaweza kubadilishana nafasi na mota ikazunguka kinyume. Rola zitairudisha mbao kwako na migongo ya visu itaigonga. Usilishe mbao. Washa mara moja na uzime, bila kitu ndani, utazame mwelekeo wa rola. Zikirudi nyuma, mwite fundi umeme abadilishe fezi mbili.

## Hatua ya 8: Springi, mwishowe

Umefika hapa na mbao bado inateleza chini ya rola safi, visu vikali, meza yenye nta. Sawa, sasa springi.

Kwanza rudisha ulizokwisha kukaza. Hesabu ni mizunguko mingapi kila moja imeingia, iandike kwa chaki ubavuni mwa mashine. Kisha kaza kwa robo mzunguko, kushoto na kulia kwa kiasi kile kile, jaribu, ongeza robo nyingine ikihitajika. Kama mbao ilikuwa inakwenda upande, upande wenye mgandamizo pungufu ndio wa kukazwa peke yake.

Acha mara tu mbao inapovuta. Ukianza kuona alama za meno ambazo mkupuo wa milimita 1 hauziondoi, umepitiliza, rudi nyuma. Ikiwa springi imekazwa hadi mwisho na rola bado haishiki, springi imechoka au rola imelika. Springi hununuliwa, rola hupelekwa kwa fundi wa lethi (mashine ya kukereza chuma).

## Jaribio la saa

Soma kibao cha mashine uone mwendo wake. Kama ni mita 6 kwa dakika, mbao ya mita 2 lazima ipite kwa sekunde 20. Kama ni mita 8, sekunde 15. Lisha mbao ya majaribio kwa milimita 1.5, usiisukume ikishashikwa, na pima kwa saa ya simu kuanzia ncha inapogusa rola hadi mkia unapopita mahali pale pale.

Ikizidi kwa sekunde moja, vumilia. Ikizidi kwa sita au saba rola bado inateleza, hata kama macho hayaoni. Rudia mara tatu, mara moja kushoto mwa meza, mara moja katikati, mara moja kulia. Upande unaochelewa ndio wa kurudia kuanzia hatua ya 3. Sekunde zikilingana, ziandike kwa chaki pale pale ulipoandika hesabu ya springi, pamoja na tarehe uliyonoa visu.